Baba, Nakundwa Alishika Shilingi

Baba yangu,

Shikamoo. Nimeingia nyumbani sasa hivi kutoka Same. Vumbi la barabarani lingali miguuni, na badala ya kuomba maji ya kunawa nimekaa mezani na kalamu. Ulikuwa ukisema kwamba askari akirudi, anatoa taarifa kwanza ndipo avue viatu. Basi taarifa yangu ni hii: leo Mzee Mbazi amesikia.

Nisamehe kwa kuanzia mwishoni, lakini habari hii nimekaa nayo garini kutoka Same mpaka hapa, na kila aliyepanda nimemsimulia. Sasa nirudi nyuma nikueleze vizuri, maana mengi yametokea tangu tulipokulaza hapo nyuma ya migomba, na karibu yote ameyafanya binti yako mdogo.

Unajua ninavyoukumbuka mguu wako? Nakumbuka hata rangi yake. Ulirudi kutoka vita vya Kagera na kipande cha chuma kwenye paja, kabla hata mimi sijazaliwa, na kila ukungu wa mwezi wa sita uliposhuka Vudee, kidonda kilifunguka. Mama alikuwa akikiosha kwa maji ya moto yenye chumvi. Mama alipotangulia, kazi hiyo nikaipokea mimi nikiwa darasa la sita, na Nakundwa akawa mshika beseni. Alikuwa mdogo sana, akiona usaha anatetemeka mpaka maji yanamwagika. Ukamwambia, "Usikitazame kidonda, mwanangu. Nitazame mimi." Basi akawa anakutazama usoni, na wewe, ili asilie, ukawa unatusimulia.

Hukutusimulia habari za risasi hata siku moja. Ulitusimulia habari za matope, za viatu vilivyobaki kwenye matope huku mwenye viatu akiendelea na safari, na za mvua ambayo ulisema haikuwa na adabu. Na habari za Mbazi. Mbazi wa Shighatini, aliyelala na wewe kwenye handaki moja, yeye akizungumza Kigweno chake na wewe Chasu chako, mkigombana kila mtu kwa lugha ya kwao na kupatana kwa Kiswahili cha jeshini. Tulimjua Mbazi kabla hatujamwona. Alipokuja kututembelea mara ya kwanza tulishangaa kwamba inabidi kumpigia kelele. Mizinga ya vita ilikuwa imemziba masikio.

Mlikuwa wakulima, nyinyi wawili. Mliitwa kutoka mgambo, mkapigana, mkarudi kwenye mahindi na maharage yenu. Hamkuajiriwa, kwa hiyo hamkustaafu. Na kwa kuwa hamkustaafu, hamkuwa kwenye orodha ya mtu yeyote. Hilo hatukulijua kwa muda mrefu, kwa sababu hukuwahi kulalamika.

Halafu Nakundwa akawa mbunge. Mwalimu wa sekondari, hana mume tajiri, hana ukoo wa siasa, akaomba viti maalumu na akapata. Siku aliyopanda huku kuja kukupa habari, ulikuwa umekaa kibarazani unamenya ndizi. Uliinuka taratibu kwa ile fimbo yako, ukasimama wima, ukampigia saluti. Alianguka miguuni pako akalia. Mimi nilicheka siku ile, nikadhani unafanya utani. Sasa najua haukuwa utani.

Ilikuwa masika ya mwaka wa pili wa ubunge wake mguu ulipokataa kabisa. Nilikushusha kwa gari la asubuhi, umelala kiti cha nyuma, umeuma kofia yako ili usigune. Hospitali tuliyokwenda haina haja ya kutajwa. Walikuwa watu wanaofanya kazi kwa kitabu walichopewa. Kijana wa dirishani alitafuta kwenye kompyuta yake, akatafuta tena, kisha akasema kwa adabu, "Mzee, jina lako halimo."

Ukamjibu, "Vitani lilikuwemo."

Tulipewa vidonge na bandeji tukarudi. Nami nilipofika Mwembe, mahali mtandao unaposhika, nilimpigia Nakundwa akiwa Dodoma, nikamwambia maneno ambayo dada hapaswi kumwambia mdogo wake. Nilimuuliza ubunge wake ni wa kazi gani kama baba yake anarudishwa dirishani.

Alifika baada ya siku mbili, macho mekundu kwa safari. Alikuwa ameshazungumza na mkubwa mmoja anayemfahamu, na kitanda kilikuwa kimeshapatikana katika hospitali kubwa mjini Dar es Salaam, gari linasubiri barabarani. Nilishaanza kukunja nguo zako. Ndipo ukamuuliza swali lile, wala hukuinua sauti.

"Nakundwa, mlango huo umenifungulia mimi peke yangu, au na Mbazi anaupita?"

Akasema, "Baba, huo ni wako. Wa Mbazi nitautafuta baadaye."

"Basi tutangoja wote."

Niligombana na wewe, Baba. Nakiri. Nilikwambia kwamba Mbazi hakukuzalia watoto, kwamba ukaidi si ushujaa, kwamba wewe ukifa si Mbazi atakayelia humu ndani. Uliniacha nimalize. Kisha ukaniomba uji.

Mlikubaliana mwishowe, wewe na Nakundwa, utibiwe kwenye foleni ya kawaida kama mtu yeyote, na ulitibiwa, na madaktari walijitahidi. Lakini sumu ilikuwa imeshapanda. Siku yako ya mwisho uliuliza kama Mbazi amepata dawa ya masikio. Nikakudanganya kwamba amepata.

Wiki ya mazishi ndiyo iliyombadilisha mdogo wangu. Wenzako walikuja, sijui habari iliwafikiaje. Walitoka Ngujini, walitoka Shighatini, wengine kutoka vijiji vya huku kwetu ambavyo sikujua kama vina askari. Walijipanga mstari mmoja kando ya kaburi bila kuambiwa na mtu, kila mmoja na fimbo yake. Mmoja jicho moja limekufa. Mmoja anakohoa mpaka anainama. Mmoja anatetemeka mikono na mwanawe amemshika kiwiko. Mbazi yuko mwishoni, anamtazama mchungaji midomo ili ajue sala imefika wapi, na alichelewa kusema amina. Niliona Nakundwa amewakodolea macho, hatazami hata jeneza.

Jioni ile akaniomba nimfanyie kazi. Nipite milima yote, kwetu na Ugweno, niandike jina la kila mzee aliyepigana, kijiji chake na ugonjwa wake. Nilimkatalia. Nilimwambia kama alitaka kutibu askari angeanza na yule aliyekuwa ndani ya nyumba. Aliondoka asubuhi, akaacha daftari kubwa jipya juu ya meza.

Lilikaa hapo wiki nzima. Nililitumia kufunika sukari. Kisha siku moja nilipita kwa yule mzee anayekohoa, hapo ng'ambo ya bwawa la ndiva, kumpelekea majani ya ng'ombe, nikamkuta mkewe amemkalisha jikoni karibu na moto, anamsugua mgongo, na yule mama akaniambia kwamba tangu msiba wako amepoteza mtu wa kucheka naye. Nikarudi nyumbani, nikalipangusa daftari.

Baba, nimeijua nchi yetu kwa miguu. Nimepanda vilima ambavyo mbuzi wangesita. Nilikaa siku tatu Ugweno, kwa Mbazi, na mkewe Mama Namsifu alinipikia ugali wa bada mpaka nikaomba huruma. Yule mama anazungumza na mumewe kwa mikono. Anamgusa bega mara moja maana yake chakula, mara mbili maana yake mgeni. Aliniambia amezaa watoto watano na baba yao hajamsikia hata mmoja akilia. Niliandika. Kila nyumba niliuliza karatasi za jeshi, na karibu kila nyumba karatasi zilikuwa zimeliwa na mchwa, zimeungua au zimepotea. Daftari lilijaa mpaka kwenye jalada.

Nakundwa alianza na maswali. Tulikuwa tunakusanyika dukani kwa Mama Elifasi, simu yake imeegemezwa kwenye debe la mafuta, tunasikiliza Bunge. Mara ya kwanza aliuliza, Naibu Waziri akasimama akajibu vizuri sana kwamba suala hilo linafanyiwa kazi. Tukapiga makofi. Mara ya pili akauliza, likajibiwa kwamba linafanyiwa kazi. Mara ya tatu hatukupiga makofi. Mama Elifasi akasema kazi hiyo lazima iwe ya kuchonga mlima.

Na maneno yakaanza. Wakubwa wa siasa walimshauri aachane na wazee, kwamba wapigakura ni vijana na wazee hawa wanapungua wenyewe. Hapo Same mjini walisema makubwa zaidi. Alipanda kuja kwangu siku moja, bila dereva, akakaa kwenye kigoda jikoni. Nilikuwa nachambua maharage. Akachukua ungo wa pili akachambua na yeye, na nilipomtazama nikaona machozi yanaingia kwenye maharage.

"Dada," akasema, "wanasema natafuta kura kwenye kaburi la baba."

Ningeweza kumbembeleza. Badala yake nilikwenda chumbani nikaleta daftari, maana nilikuwa nimempa, akanirudishia baada ya kuyachapa majina. Nikaliweka magotini pake.

"Waache waseme lao. Wewe wasomee majina."

Alikaa nalo muda mrefu, anapitisha kidole. Kisha akafuta uso kwa kanga yangu, akala makande sahani mbili, akaondoka nalo.

Sasa nisikilize vizuri hapa, Baba, maana hapa ndipo ningetamani ungekuwepo, hata kwa dakika kumi tu.

Ilikuwa siku ya kupitisha bajeti ya wizara aliyokuwa akiiuliza maswali. Wewe ulikuwa mpenzi wa redio, unajua mambo ya kushika shilingi: mbunge asiyeridhika anazuia shilingi moja ya mshahara wa waziri, na bajeti haipiti hivi hivi mpaka ajibiwe. Ni shilingi moja tu, lakini inawatoa watu jasho. Nilikuwa nimeinjika makande, nikayaacha, nikakimbilia dukani. Ukungu ulikuwa umeshuka, mtandao unakatika kila mara, mwanaume mmoja akapanda juu ya jiwe akainua simu kwa mkono kama anamtolea Mungu sadaka. Tulisimama chini yake, watu wa dukani wote, na wapita njia.

Tukamsikia. Sauti yake ilikuwa inatetemeka mwanzoni, kama mikono yake siku za beseni. Akasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, nashika shilingi. Na nitaeleza kwa nini kwa kusoma."

Akaanza kusoma. Jina, kijiji, ugonjwa. Jina, kijiji, ugonjwa. Hakuongeza neno. Mmoja wa Ngujini, jicho. Mmoja wa Vudee, kifua. Mbazi wa Shighatini, masikio. Kila kijiji kilipotajwa mtu mmoja pale dukani alisema jina la babu yake. Alisoma jina lako, akasema marehemu. Akaendelea na jina lililofuata.

Mwenyekiti akamkumbusha muda. Akajibu kwa heshima kwamba yuko ukurasa wa nne. Na hapo, Baba, akasimama mbunge mwingine, mwanaume, wa chama kingine na wa mkoa wa mbali, akasema anamuunga mkono, naye ana daftari lake nyumbani ila hakuwa na ujasiri wa kulileta. Akasimama mwingine. Wakaendelea kusimama mpaka yule mwenye simu juu ya jiwe akawa anatuhesabia kwa sauti kama mtangazaji wa mpira.

Waziri alisimama mwenyewe, hakumtuma naibu. Alisema baba yake mdogo alikwenda vita ile. Akaahidi mbele ya Bunge zima: orodha moja ya wote waliopigana, walioajiriwa na walioitwa kutoka mgambo, kadi ya matibabu kwa kila mmoja na mke wake, na madaktari bingwa kuwafuata wilayani badala ya wao kufunga safari. Nakundwa akasimama akauliza jambo moja tu: wale ambao karatasi zao zimeliwa na mchwa? Palikuwa na kicheko, kisha waziri akakubali kwamba askari wawili wenzake wakimshuhudia mtu, ushahidi huo utatosha.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema mwanao, "narudisha shilingi."

Mama Elifasi alipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Mimi nilikaa chini pale pale kwenye tope. Makande yaliungua yote, hata mbwa aliyakataa, na tulilala na chai tukiwa na furaha.

Haikuwa imekwisha, unajua mambo ya ofisi. Miezi ilipita, na Nakundwa aliifuata ahadi ile kama mtu anayefuata maji kwenye mfereji, anafungua hapa, anaziba pale, kila wiki anauliza imefika wapi. Maofisa walikuja mwishowe na mashine zao za picha. Wazee walishuhudiana wawili wawili. Wengine walikuwa hawajaonana tangu vita iishe na walitambuana kwa majina ya utani tu. Ofisa mmoja kijana ilibidi atoke nje kwanza ndipo aendelee kuandika.

Na leo imekuwa siku ya kwanza ya kliniki yao mjini Same. Upepo ulikuwa ule wa Same wa siku zote, unapeperusha kofia, na wazee wamevaa makoti yao ya kanisani katika joto lile. Wa mifupa, wa macho, wa kifua, wa masikio, kila daktari na chumba chake. Yule anayekohoa amelazwa ili apimwe vizuri, na mkewe amelala kwenye benchi kwa usingizi wa mtu aliyetua mzigo. Nakundwa alifika kwa miguu kutoka stendi, akakataa kiti cha mbele, akaenda kusimama na wake zao nyuma.

Mzee Mbazi aliitwa kama saa nne. Mtaalamu wa masikio ni binti mdogo, mpole. Alimwekea kifaa sikio la kulia, akageuza kitu kidogo, akamwashiria Mama Namsifu azungumze. Yule mama akawa hajui aseme nini. Miaka yote ile ya kugusa bega, sasa mdomo umeulizwa. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo kabisa, "Baba Namsifu, umekunywa chai?"

Mzee akageuka, akamtazama.

"Sauti yako imezeeka," akamwambia. "Lakini ndiyo yenyewe."

Sikuweza kukaa mle ndani. Nilitoka nje nikamkuta Nakundwa ameegemea ukuta, naye amesikia. Nilimshika mkono kama nilivyokuwa nikimshika tukienda shule.

Sasa nikwambie ukweli wangu, maana kwako sikuwahi kuficha isipokuwa ile dawa ya Mbazi. Bado nina uchungu. Kuna asubuhi ninawaza kwamba ungepita ule mlango wa nyuma ungekuwa umekaa kibarazani hivi sasa. Lakini leo nimewatazama wale wazee wakitoka chumba hiki wakiingia kile, wanataniana, na nimeelewa kwamba Nakundwa asingepata nguvu ya kufungua ule mlango mpana kama wewe ungekuwa umeshapita kwenye ule mwembamba. Nilikuita mkaidi. Neno hilo nalifuta, Baba, leo, kwa wino.

Na bado hajatosheka, mwanao. Njiani aliniambia anawataka wale madaktari wapande mpaka kwenye zahanati yetu hapa Vudee, kwa ajili ya wasioweza kushuka. Wamekubali, ila gari lao halipiti kwenye ile kona ya mawe. Basi mwenyekiti wa kijiji ameitisha msaragambo. Kesho asubuhi kila nyumba inatoa mtu na jembe, tunapanua barabara kwa mikono yetu. Wazee wa daftari wamesema watakuja, wasioweza kuchimba watakaa kivulini watusimamie, na ninavyowajua, watatusimamia kijeshi. Nakundwa analala hapa kwangu leo. Nimemuuliza ameandaa hotuba gani, akasema ameandaa jembe.

Yuko nje hivi sasa analinoa, vibaya, kama kawaida yake. Nakwenda kumwonyesha.

Pumzika salama, Baba yangu. Sisi huku kazi inaendelea, na inaendelea vizuri.

Binti yako mkubwa,
Niendiwe
Vudee